Siku moja maishani mwangu: fundi, IST iliyochemsha na sufuria ya temostati

Saa 11 na nusu alfajiri. Simu ina ujumbe wa jana usiku: "Fundi, gari limechemsha Ubungo. Nalivuta kesho asubuhi." Aliyeandika ni kijana anayeendesha IST ya teksi za mtandaoni kwa mkataba. Kila wiki anapeleka hesabu kwa mwenye gari, na imebaki miezi minne tu liwe lake. Nilikunywa chai huku nimeishika simu. Namjua, hana akiba ya kununua injini nyingine.

Saa 1 asubuhi niko gereji, Tabata. Dogo ninayemfundisha kazi ameshafagia na kupanga soketi. Hapa kwetu wiki nzima inaweza kupita nafungua boneti baada ya boneti, na injini ni ile ile: 1NZ-FE ya Toyota. Imo kwenye IST, imo kwenye Probox, Sienta, Premio, Allion, Spacio, Runx. Watu huiita "cc 1490", lakini ukipiga hesabu ya pistoni yenye kipenyo cha milimita 75 na mwendo wa milimita 84.7, mara silinda nne, unapata cc 1497. Ndugu yake mdogo, 2NZ-FE, ana kipenyo kile kile ila mwendo wa milimita 73.5, ndiyo zile IST za "cc 1290". Dogo nilimpa hesabu hiyo aifanye mwenyewe kwa kalamu, na tangu siku ile hachanganyi gasketi za hizi mbili na za injini nyingine.

Ninaipenda injini hii na sioni haya kusema. Ina valvu 16, kemshafti mbili juu, cheni badala ya mkanda, na VVT-i, yaani mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, upande wa kuingiza hewa. Inatoa nguvu za farasi 109 hivi kwenye mizunguko 6,000, na inabana mchanganyiko mara 10.5. Ni nyepesi kwa sababu bloku yake ni ya alumini, na ndani ya kila silinda kuna ala nyembamba ya chuma. Wepesi huo ndio raha yake barabarani. Ndio pia unaofanya ichukie joto kali na maji mabaya.

Saa 1 na nusu anaingia dada mmoja na Sienta inayotetemeka, taa ya injini inawaka. "Shikamoo fundi, jana mafundi wawili wameniambia ninunue koili zote nne." Marahaba, tulia kwanza. Nachomeka mashine, inasoma P0303: silinda ya tatu inamisi. Hapa pesa za wateja wengi hupotea bure, kwa hiyo namwita dogo aje aone. Tunatoa koili ya tatu, ile inayoipa plagi umeme, tunaiweka ya pili, ya pili inakwenda ya tatu, tunafuta kosa, tunawasha. Baada ya dakika chache mashine inasema P0302. Ugonjwa umehama na koili, basi koili ndiyo mgonjwa, moja tu. Ila nilipochungulia tundu la plagi ya tatu nikakuta oili imetuama chini, inang'aa kama asali. Gasketi ya kava ya valvu imekauka kama plastiki, inavujisha, na mpira wa koili ukilowa oili muda mrefu unaharibika. Ukibadili koili ukaiacha gasketi, dada huyu atarudi. Tumebadili vyote viwili. Saa 3 kasoro ameondoka, Sienta imetulia.

Saa 3 IST inafika ikiburutwa kwa kamba.

Kijana amesimama pembeni, mikono kichwani. Namuuliza polepole. Taa nyekundu ya joto iliwaka kwenye foleni, akaona ampeleke kwanza abiria wake Kimara, maana ukikatisha safari unapewa nyota mbaya. Akaongeza maji, likaenda, likachemsha tena. Sikumgombeza. Nafungua kifuniko cha oili: chini yake kumeganda utando wa rangi ya maziwa ya chai. Dogo ananiangalia, anajua maana yake, maji yameingia kwenye oili, lakini sitaki kuhukumu kwa kifuniko peke yake.

Tunapima mgandamizo. Plagi zote nne nje, nyaya za injekta zimechomolewa, pedali ya mafuta chini kabisa, stata. Kitabu cha ukarabati kinataka kama psi 213, isishuke chini ya 156, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Namba zilizotoka: 178, 85, 88, 175. Nikamwambia dogo amimine oili kijiko kimoja ndani ya silinda ya pili na ya tatu, apime tena. Zingekuwa ringi zimechoka, oili ingeziba na namba ingepanda sana. Ikabaki pale pale. Silinda mbili zinazopakana zikianguka pamoja namna hiyo, gasketi ya hedi, yaani kichwa cha injini, imetoboka katikati yao. Nikamweleza kijana: ringi za injini hii bado nzima, tunafungua juu tu. Alikaa kwenye tairi, akafunika uso kwa shati.

Chai saa 4, chapati mbili.

Saa 5 mpaka saa 7 ni kufungua. Sitasimulia kila boliti. Kilichoniuma ni nilipofika kwenye nyumba ya temostati, ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji ya kupozea kufuatana na joto: tupu. Kuna fundi mahali fulani aliitoa na kuitupa, kama wengi wanavyofanya, wakisema "huku kwetu joto, ya nini?" Ndugu zangu, temostati haiko pale kwa ajili ya baridi ya Japani. Inaiwezesha injini ifike joto lake la kazi na ibaki hapo. Ukiitoa, kompyuta inaona injini bado baridi, inaendelea kuongeza petroli, petroli ya ziada inateremka kwenye kuta za silinda na kuikondesha oili. Mwenye gari anaona tu mafuta yanaisha haraka.

Na gari halikupona joto. Nilipotoa bomba la juu la rejeta nikapitisha maji, yalitoka kama bomba la mtaani siku ya mgao. Ndani kumejaa tope la kutu na magamba meupe ya chumvi. Kijana akasema ukweli: anaongeza maji ya kisima pale anapooshea gari. Wakazi wa Dar mnayajua maji yetu ya visima, sabuni haitoi hata povu. Sasa yachemshe kila siku ndani ya alumini na vijia vyembamba vya rejeta.

Saa 8 mchana hedi iko mezani. Nimeisafisha, nimelaza rula ya chuma iliyonyooka toka kona hadi kona, nikachukua bapa la kupimia la milimita 0.05, ambazo ndizo kikomo cha hedi kupinda. Bapa lilisimama pembeni, lakini katikati, kati ya silinda ya pili na ya tatu, likapita chini ya rula bila kugusa. Nikamshikisha dogo alisukume yeye. Alilisukuma mara tatu, kimya. Unene huo hauufikii unywele wa kichwani, na umetosha kumsimamisha mtu kazi. Hedi ikafungwa kwenye gunia safi, dogo akapanda bodaboda kwenda Gerezani kwa mwenye mashine ya kusaga. Nimemwagiza: isagwe kidogo kadiri inavyowezekana, kwa sababu ukiila sana unaongeza mbano na unavuruga cheni. Uso wa bloku nimeupima pia. Umenyooka, alhamdulillahi.

Saa 9 mzee mmoja mwenye Probox ya kubebea mayai. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, linakunywa oili." Lita moja kwa wiki mbili, na moshi wa bluu asubuhi. Nachomoa kipimo, oili nyeusi nzito kama lami. Anasema anaweka 20W-50 kwa sababu ameambiwa nzito ndiyo inalinda, na anabadilisha "ikiwa nyeusi sana". Huu ndio ugonjwa wa 1NZ ninaoukuta zaidi ya yote: oili ikikaa mno inaacha kaboni kwenye ringi ya chini ya pistoni, ile ya kupangusa oili. Vitundu vinaziba, ringi inanasa, haipangusi tena. Halafu valvu ya VVT-i ina chujio dogo la wavu, na oili nzito yenye uchafu inapita pale kwa shida, gari linakuwa zito kupanda mlima na sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inayumba. Kuna jambo jingine: injini hii na filta yake vinachukua lita 3.7. Galoni linalouzwa ni lita 4. Mzee amekuwa akimimina lote.

Nilimwambia asinunue injini ya mtumba bado. Tumeweka 5W-30 na filta mpya, tumesafisha chujio la VVT-i, na tutarudia mapema, baada ya kilomita 2,000, tuone kama ringi zitalegea. Kama hazitalegea tutatoa pistoni tubadili ringi. Nikamwomba jambo moja: kila Jumamosi kabla ya kuwasha, achomoe kipimo. Injini hizi nyingi hufa kwa sababu ya kukauka oili, na anayeziua ni kutokuangalia.

Saa 12 jioni dogo amerudi na hedi. Inang'aa. Nimerudisha rula na bapa, halipiti popote. Kufunga ni kesho, kwa mwanga mzuri: boliti kuanzia katikati kwenda nje, kukaza kwa Nm 29, kisha robo mzunguko, kisha robo nyingine, kila boliti na alama ya rangi kichwani ili hata kipofu asiruke moja. Halafu nafasi za valvu zipimwe injini ikiwa baridi, milimita 0.15 hadi 0.25 za kuingiza, 0.25 hadi 0.35 za kutoa.

Saa 2 usiku niko nyumbani, kwenye baraza, na jiko la mkaa. Nina sufuria kuukuu ambayo mke wangu alishaisusa, na temostati mpya niliyonunua njiani. Nimeifunga uzi nikaining'iniza ndani ya maji isiguse chini, pembeni nimetumbukiza kipimajoto. Kwa injini hii inatakiwa ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Mwanangu wa darasa la tano ndiye anasoma namba kwa tochi. Sabini na tano. Sabini na nane. Themanini na moja, bado. Themanini na mbili, kile kisahani cha shaba kikateremka taratibu, na mwanangu akapiga kelele kana kwamba Simba wamefunga.

Nimeikausha, nimeandika 82 kwa kalamu kwenye boksi lake, nikamtumia kijana ujumbe: "Hedi imenyooka. Kesho saa 10 jioni njoo na kulanti, siyo maji."