Msimu Huu Sox Wanunue, Wasiuze

Chicago, Novemba 2025

Ligi ya besiboli imekwisha, Dodgers wa Los Angeles wamebeba kombe kwa mwaka wa pili mfululizo, na sisi wa upande wa kusini wa Chicago tumemaliza tena tukiburuza mkia kwenye kundi letu. White Sox wameshinda michezo 60 na kupoteza 102. Mgeni akiziona namba hizo atatupa pole. Mimi zinanipa moyo, kwa sababu mwaka jana tulishinda 41 tu na kupoteza 121, vipigo vingi kuliko timu yoyote ya ligi kuu ya besiboli tangu karne ya 20 ianze. Mwaka huo tulipoteza michezo 21 mfululizo. Kulikuwa na majuma ambayo nilikuwa nafungua redio nikirudi kazini na kuizima kabla ya iningi ya tatu kati ya zile tisa za mchezo, roho haiwezi.

Sasa ni wakati wa usajili. Tangu juzi nimekuwa napanga kikosi cha mwakani kwenye daftari, nafuta na kuandika upya, na kila nikimaliza najikuta narudi palepale: mwaka huu timu isiuze mtu. Inunue.

Kwa mliozoea usajili wa Simba na Yanga, huku mambo yanakwenda tofauti kidogo. Ni nadra klabu kuuziana wachezaji kwa pesa taslimu. Wanabadilishana watu. Unampa mwenzako nyota mwenye mkataba, yeye anakupa vijana watatu wanne walioko ligi ndogo, kisha unakaa unawangoja. Sox wameishi kwa biashara hiyo muda mrefu mno. Mwaka 2016 walimtoa mrushaji Chris Sale kwenda Boston, wakaletewa Yoán Moncada na Michael Kopech. Mwaka uliofuata walimtoa José Quintana kwa majirani zetu Cubs, wakapata Eloy Jiménez na Dylan Cease. Tuliambiwa tuvumilie, na tulivumilia. Ikaja 2021, timu ikashinda michezo 93 na kuongoza kundi, Astros wakatutoa kwenye mchujo kwa 3–1. Mavuno yote ya uvumilivu ule ndiyo hayo. Miaka miwili baadaye tulikuwa tunapoteza michezo 101.

Fuateni uzi mmoja tu muone. Quintana aliondoka, akaja Cease. Cease akawa mrushaji mkali, mwaka 2022 akashika nafasi ya pili kwenye kura za mrushaji bora wa ligi yetu. Machi 2024 Cease naye akapelekwa San Diego, na kati ya waliokuja ni kijana Drew Thorpe. Machi mwaka huu Thorpe akafanyiwa upasuaji wa kiwiko na msimu wake ukaishia hapo. Namuombea apone, ni kijana mwenye kipaji. Lakini toka 2017 mpaka leo, katika uzi huo klabu imekuwa ikibadilisha ahadi moja kwa ahadi nyingine, na shabiki aliyekata tiketi ameambulia msimu mmoja mzuri na nusu.

Ndiyo maana naogopa nikisikia watu wanasema tuuze tena.

Biashara ya mwisho, ile ya Desemba 2024, nakiri ilikuwa nzuri. Tulimtoa mrushaji Garrett Crochet, naye akaenda Boston kama Sale, akasaini mkataba wa dola milioni 170 kwa miaka 6 na kuwatoa wapigaji 255 bila kugusa mpira. Aliniuma. Ila waliokuja wameanza kulipa mapema kuliko nilivyotegemea: Kyle Teel, mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, alipanda kikosi cha kwanza Juni na kupiga kwa wastani wa .273, yaani kufanikiwa mara 273 katika kila 1,000, Chase Meidroth ameshika besi ya pili, Braden Montgomery bado yuko ligi ndogo na sifa zake zinatangulia.

Montgomery mwingine, Colson, ndiye aliyenirudisha uwanjani. Huyu hakutoka klabu nyingine, amelelewa na Sox wenyewe, alichukuliwa kwenye drafti ya 2021, pale klabu zinapochagua vijana wapya kwa zamu. Aprili alikuwa timu yetu ya ligi ndogo ya Charlotte na mti wa kupigia ulikuwa umemkataa kabisa, wastani wake haufiki hata .150. Klabu ikafanya jambo ambalo sijazoea kuliona kwao: wakamtoa kwenye mechi, wakampeleka kambi ya mazoezi Arizona, akakaa na walimu wa upigaji mpaka mwendo wake ukanyooka. Tarehe 4 Julai akaitwa kikosi cha kwanza. Katika michezo 71 aliyocheza akapiga homurani 21, ile mipira inayovuka uzio. Tena anacheza shotistopu, nafasi ngumu kuliko zote za ndani, ambako hukuti wapigaji wa nguvu namna hiyo.

Ukiwa uwanjani siku akiupata mpira unajua kabla hujauona. Sauti ya mti inakuwa kavu, mlinzi wa kulia anageuka mara moja na kusimama, halafu ubao mkubwa wa matokeo unaanza: yale magurudumu ya rangi yanazunguka juu yake, fataki zinalia, moshi unateremka ukichanganyika na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa ajili ya soseji. Watoto walikuwa wanaruka juu ya viti. Ni timu iliyopoteza michezo zaidi ya 100, na watoto wanaruka juu ya viti.

Kwa hiyo msingi tunao. Tatizo la kwanza ni besi ya kwanza. Andrew Vaughn, aliyechukuliwa nafasi ya tatu kwenye drafti ya 2019, alipelekwa Milwaukee katikati ya Juni, na alipofika kule akaanza kupiga kama mtu aliyefunguliwa pingu. Lenyn Sosa amepiga homurani 22 na Miguel Vargas amejitahidi, lakini hakuna hata mmoja ambaye ningesema nafasi ni yake. Pale panahitaji mpigaji mwenye nguvu, mzoefu, ambaye mrushaji wa upande wa pili akimuona anajipanguza jasho.

Mtu ninayemtaka ni Munetaka Murakami. Klabu yake ya Yakult Swallows ya Tokyo imemruhusu kuzungumza na timu za Marekani, na dirisha lake linafungwa Desemba 22. Ana miaka 25. Mwaka 2022 alipiga homurani 56, akavuka rekodi ya mchezaji aliyezaliwa Japani kwa msimu mmoja iliyowekwa na Sadaharu Oh, 55, mwaka 1964. Najua anayosemwa: anakosa mipira mingi, hasa ile ya kasi, mwaka huu majeraha yamemweka nje sehemu kubwa ya msimu, na ulinzi wake unatia mashaka. Yote ni kweli. Na ni kwa sababu hiyohiyo bei yake inaweza kushuka mpaka tunapoweza kufika. Asingekuwa na kasoro hizo, Dodgers na Yankees wangeshamaliza kazi na sisi tusingetajwa. Sisi tunacho wasichokuwa nacho wao, nafasi. Murakami akija hapa atacheza kila siku, akikosa Aprili nzima hakuna atakayemweka benchi Mei.

Isitoshe, klabu hii na wachezaji wa Japani si wageni. Tulipobeba kombe mwaka 2005, la kwanza baada ya miaka 88, besi ya pili alikuwa Tadahito Iguchi. Mwanzoni mwa msimu uleule tulikuwa pia na mrushaji Shingo Takatsu. Takatsu huyohuyo ndiye aliyekuja kuwa kocha wa Yakult tangu 2020 mpaka msimu huu, na Murakami amekulia mikononi mwake. Viongozi wa Sox wangempigia simu mzee wakamuuliza, kijana anaweza au hawezi? Hakuna timu inayoweza kupata jibu la wazi kuliko letu.

Pesa ipo. Hili nataka niliseme bila kuzunguka. Mkataba mkubwa kuliko yote katika historia ya Sox ni wa Andrew Benintendi, dola milioni 75 kwa miaka 5. Hii ni klabu ya jiji la tatu kwa ukubwa Marekani, imeanzishwa zaidi ya miaka 120 iliyopita, na haijawahi kumpa mtu yeyote dola milioni 100. Mwaka 2019 walimtaka Manny Machado, wakafika mezani na ofa ndogo, San Diego wakaweka milioni 300 na mtu akaenda. Jerry Reinsdorf anaimiliki timu tangu 1981. Juni mwaka huu ilitangazwa kwamba Justin Ishbia anaingiza fedha na baadaye atakabidhiwa klabu, lakini makabidhiano yenyewe hayawezi kuanza kabla ya 2029. Hatuwezi kumngoja. Colson Montgomery ana miaka 23 sasa. Ikifika 2029 atakuwa na miaka 27, na klabu nyingine zinamvizia.

Kuna wanaosema tungoje mkataba kati ya ligi na chama cha wachezaji uishe, Desemba 1, 2026, tuone sheria mpya zitasemaje kuhusu mishahara. Mimi naona kinyume. Kama mwaka wa 2027 una wingu, basi 2026 ndiyo wa kuwafundisha vijana kushinda.

Kwa warushaji sina hofu kubwa. Shane Smith tulimwokota Desemba iliyopita kwenye ile drafti ambayo klabu inaweza kuchukua mchezaji wa ligi ndogo wa timu nyingine kwa dola 100,000, kwa sharti akae kikosi cha kwanza msimu mzima. Brewers hawakumlinda, sisi tukamchukua, na Julai alikuwa kwenye mchezo wa nyota wa ligi. Mike Vasil naye alichukuliwa na klabu nyingine kwenye drafti hiyohiyo, na alipoachwa sisi tukamwokota. Mwezi ujao warudi kwenye meza ile na wachukue mrushaji mwingine, tena wachukue wawili kama wapo. Timu ya ushindi 60 inaweza kumvumilia kijana kwa msimu mzima. Timu inayowania ubingwa haiwezi, na hapo ndipo tunapopaswa kuwazidi akili. Nyuma yao wanakuja Noah Schultz, mtoto wa Illinois mwenye urefu wa zaidi ya mita 2, na Hagen Smith, wote wa mkono wa kushoto. Ningeongeza mkongwe mmoja wa mkataba wa mwaka mmoja, wa kurusha iningi nyingi ili vijana wasichoshwe mabega yao mapema.

Luis Robert Jr. ndiye anayegombanisha watu. Mwaka 2023 alipiga homurani 38. Miaka miwili iliyofuata, 14 na 14. Klabu imekubali kumlipa dola milioni 20 mwakani, na simu za kumtaka hazijakatika. Jibu langu ni hapana, angalau si majira haya ya baridi. Ameiba besi 33 mwaka huu, yaani kukimbilia besi inayofuata bila kungoja mpira upigwe, kwa miguu ambayo imeumia mara nyingi, na hakuna anayekimbilia mpira katikati ya uwanja kama yeye. Ukimtoa leo unamtoa kwa bei ya mtu aliyepiga .223. Akianza vizuri Aprili, kocha wetu Will Venable atakuwa na timu kamili mbele yake, na mazungumzo yatakuwa mengine kabisa.

Drafti ya mwakani itapigiwa bahati nasibu mwezi ujao. Nafasi yetu ya kupata namba moja ni zaidi ya robo, kubwa kuliko ya timu yoyote, baada ya mwaka huu kanuni kutusukuma mpaka namba 10. Tukiipata, achukuliwe Roch Cholowsky wa UCLA, basi.

Linalonikosesha usingizi ni wadakaji. Tunao wawili, Teel na Edgar Quero, na kila ninayezungumza naye ananiambia mmoja ni wa ziada, atolewe tupate mrushaji. Mdakaji ndiye mchezaji pekee anayeuona uwanja wote mbele yake. Ndiye anayebonyeza kidude cha kumwambia mrushaji, sauti ikitokea ndani ya kofia, arushe mpira wa aina gani. Vijana wengi wa Sox wanaorusha mwaka huu wamejifunza ligi kuu kwa kuwasikiliza hawa wawili. Ni kazi ya kuchuchumaa kwa muda wa karibu saa tatu kila mchezo, kwa michezo 162, na hakuna goti linaloiweza peke yake. Teel ana miaka 23, anapiga kwa kushoto. Quero ana 22, anapiga pande zote mbili. Mmoja adake, mwingine apige bila kulinda, kesho wabadilishane. Akitolewa mmoja wao Desemba hii, tutakuwa tumeanza tena kuhesabu kuanzia moja.