Nilivyouchora ua wa watoto kabla ya kuchora nyumba

Mwenye mradi wa maghorofa ya kuishi, aliyenipa kazi ya kuchora ramani, alitaka nyumba nyingi kadiri kiwanja kitakavyobeba, na kila nyumba ipate nafasi ya gari. Ramani aliyoizoea imejaa mijini: maghorofa pembeni, magari katikati, bembea nyuma ya matangi ya maji. Watoto hawakai huko nyuma. Hucheza palipo na watu, yaani katikati ya magari, na dereva anayerudi nyuma hamwoni mtoto aliyechuchumaa kuokota mpira.

Nikamwomba aniachie nianze na ua. Magari yote niliyaweka karibu na lango, ndani nikaacha njia ya gari la wagonjwa na la zimamoto tu. Kwa kuwa barabara za ndani ziliondoka, nafasi za kuegesha hazikupungua, na hapo ndipo alipolainika. Nilimweleza pia habari za Delft, Uholanzi, ambako mwishoni mwa miaka ya 1960 baadhi ya mitaa ilipangwa upya ili gari liende kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mwaka 1976 sheria ya nchi ikaitambua mitaa ya aina hiyo.

Majiko yote yakatazama uani. Kwangu dirisha la jiko linalinda mtoto kuliko uzio wowote. Nyumba za vyumba vingi, zenye familia, zikakaa ghorofa za chini, mahali mzazi anapoweza kumwona mwanawe usoni na kumwita akasikia. Za chumba kimoja zikapanda juu.

Kilichonichosha ni roshani. Fundi alishaanza kuchomelea vyuma vya kinga vilivyolazwa, na mtoto huvipanda kama ngazi. Nikasema viwe vya wima, na nafasi kati yake isizidi sentimita 10, kichwa cha mtoto mdogo kisipenye. Mkandarasi akanung'unika, vyuma vilishakatwa. Nilikwenda na kipande cha mbao chenye upana huo, nikakipitisha roshani baada ya roshani. Kilipopenya, chuma kiling'olewa.

Vifaa vya kuchezea viliwekwa vichache: mchanga, ngazi pana za kukalia, na mti mkubwa tuliokataa kuukata. Wakazi walipohamia, wa ghorofa ya chini waliulalamikia mpira wa vijana, na walikuwa na haki. Tukakubaliana mpira uchezwe kwenye ukuta usio na madirisha, mbali na mchanga wa wadogo, na vijana wenyewe wakauchorea goli.