Saa ya Mama, Amsterdam hadi London

Mama aliisoma tiketi mara mbili, akanirudishia. "Mwanangu, hii imekosewa. Tunaondoka saa tatu asubuhi, tunafika saa tatu na dakika 20?"

Nikamweleza kwamba London iko nyuma ya Amsterdam kwa saa moja, kwa hiyo safari yenyewe ni saa moja na dakika 20. Akakubali, lakini saa yake ya mkononi hakuigusa. Atahesabu mwenyewe, alisema.

Namshukuru kwa hilo, maana njia hiyo nimeipita mara nyingi bila kujiuliza. Kutoka Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, hadi Heathrow, ule wa London, ni kilomita kama 370, pungufu kidogo ya Dar hadi Dodoma kwa njia ya anga. Ndege iliyoshika mwendo wa kilomita 800 kwa saa ingeumaliza umbali huo chini ya nusu saa. Dakika zilizobaki zinakwenda wapi?

Za kwanza ziliishia ardhini. Tulipelekwa Polderbaan, njia ya kurukia iliyofunguliwa mwaka 2003, mbali mno na majengo ya abiria. Ndege ilitambaa, ikavuka daraja, na mama akaona malori yakipita chini ya bawa letu. Kando ni mashamba na mifereji tu. Nikamwambia kwamba zamani hapa palikuwa ziwa, Haarlemmermeer, likakaushwa mwaka 1852, na uwanja uko mita kama 3 chini ya usawa wa bahari.

"Kwa hiyo hapa tulipo ni chini ya maji?"

"Pangekuwa, mama, bila kuta na pampu."

Akanishika mkono, hakuuachia mpaka magurudumu yalipoacha ardhi. Ndipo akatazama saa: "Dakika 18."

Bahari ya Kaskazini ilikuwa na rangi ya bati kuukuu, mitambo ya upepo imesimama majini kwa safu. Chai ilikuwa bado moto pwani ya Essex, Uingereza, ilipotokeza. Nikadhani tumefika.

Kumbe bado. Heathrow ina njia mbili tu za kurukia na kutua, na ndege zinazokuja ni nyingi, kwa hiyo zinazotoka upande wetu huzungushwa juu ya Lambourne, kaskazini-mashariki mwa jiji, moja juu ya nyingine, zikipishana futi 1,000 na kushuka ngazi kwa ngazi.

"Ule msitu nimeshauona," mama akasema.

"Tuko kwenye foleni, mama."

"Haya, tungoje zamu yetu."

Tulipogusa chini alihesabu dakika 52 angani, 12 kati yake za kuzunguka. Dada alikuwa akitusubiri nje. Hata shikamoo yake haijaitikiwa vizuri, mama ameshaanza kumpa hesabu, kituo kwa kituo.

Kurudi, tiketi ilionyesha tofauti ya saa mbili na ushee kati ya kuondoka na kufika, kwa sababu saa moja tuliyopewa wakati wa kwenda ilirudishwa. Angani tulikaa dakika 44 tu, maana upepo wa juu huku kwa kawaida huvuma kutoka magharibi, nao ulitusukuma. Tulipotua, abiria wakaanza kurekebisha saa zao. Mama aliitazama yake, ambayo kwa siku nne za London hakuigusa, kisha akaitazama ile ya ukutani. Zilikuwa sawa.