Pampu ya uani imekauka

Mliokulia Doaba, kule Punjab nchini India, mkahamia Kisumu kama mimi hamhitaji kuelezwa habari za pampu ya mkono ya uani. Chini yake tuliogeshwa joto la Juni, nyati wa kufugwa wakanyweshwa, na maji yalikuwa futi 30 tu chini. Nimerudi kwa kaka baada ya miaka mingi, nikaenda moja kwa moja uani kunawa uso. Mpini umeliwa na kutu. Haijatoa hata tone tangu wanawe hawajazaliwa, na katika simu zote zile hakuna aliyenieleza.

Mengine niliyatarajia. Majumba ya ghorofa yamefungwa makufuli, wenyewe wako Kanada na Uingereza, na juu ya mapaa wamejengesha matangi ya maji yenye umbo la ndege. Vibarua kutoka jimbo la Bihar ndio wanaopandikiza mpunga. Chakula cha bure cha gurdwara, hekalu letu Masingasinga, bado kipo, dengu bado ni tamu. Sawa. Lakini maji! Tuko katikati ya mito ya Beas na Sutlej, tunakaukiwaje?

Sisi tulikuwa watu wa ngano, mahindi, dengu na haradali. Wali ulipikwa kwa nadra. Mwaka 1966 India iliagiza tani 18,000 za mbegu ya ngano fupi, yenye mavuno mengi, kutoka Meksiko, njaa ikiwa mlangoni, na siwezi kuwalaumu wazee kwa kuipokea. Kisha ukaja mpunga, kwa kuwa serikali iliununua kwa bei iliyotangazwa. Mwaka 1960 Punjab ilikuwa na hekta 227,000 hivi za mpunga. Leo zimepita milioni 3. Mwaka 1997 wakulima wakapewa umeme wa pampu bure. Umeme usiolipiwa nani atauzima? Kaka huwasha pampu akaenda kulala, shamba likafurika hadi asubuhi. Kisima chake sasa kimepita futi 300.

Serikali ya jimbo iliona hatari. Sheria ya 2009 ilikataza kupandikiza mpunga kabla ya Juni 10, ili mvua za masika ya kule zisaidie. Nia ilikuwa njema. Ila mavuno nayo yakasogea mbele, na kati ya kuvuna mpunga na kupanda ngano zikabaki wiki chache mno. Mabua yaondolewe vipi upesi hivyo? Yanachomwa. Kwa hiyo msiende Novemba, moshi utawatoa machozi hadi Delhi. Nendeni Februari, haradali ikiwa na maua.

Na mkifika, msiwakemee ndugu zenu kama nilivyosikia wageni wengine wakifanya. Mpunga una mnunuzi wa uhakika; mwenye mahindi huishia kwa dalali, naye hupanga bei apendavyo. Anayelisha watoto hachagui hasara kwa hiari.

Kaka ameniomba fedha za kuchimba zaidi. "Dada, ukisaidia mwaka huu tu." Nimemwambia hizo sitoi, wala mwakani. Natoa za mbegu ya mahindi kwa ekari mbili, na dalali akimpunja, pengo nalijaza mimi. Wifi amekubali palepale. Kaka anataka ekari moja kwanza, nami nimeridhia.