Karura: msitu uliorushiwa mawe

Askari wa geti la msitu wa Karura, Nairobi, aliniangalia, akaiangalia chupa yangu ya lita moja na nusu, akasema kwa upole kabisa: "Hiyo haiingii."

Nikajua ananitania. Chupa nimetoka kuinunua barabarani, hata kizibo sijakigusa. Kumbe Kenya walishapiga marufuku plastiki za kutumia mara moja ndani ya mbuga, fukwe na misitu ya hifadhi tangu Juni 2020. Sisi Tanzania mwaka 2019 tulipambana na mifuko, tukaishia hapo; chupa bado zinaziba mitaro yetu kila masika. Basi ama niyaache maji, ama niyanywe. Mtoto wa Tabata, Dar, haachi maji aliyoyalipia, hasa baada ya bodaboda kunilamba shilingi mia tano za Kenya, karibu elfu kumi za kwetu, kwa mwendo mfupi tu. Nikasimama pembeni nikayagugumia yote, watu na watoto wao wananipita wanatabasamu.

Tumbo likiwa limejaa ndoo, nikaenda kulipa kiingilio. Noti hawapokei, malipo ni kwa simu. Noti zenyewe nilizibadilisha mpakani Namanga kwa bei ya kuumiza roho, na laini yangu ni ya Tanzania. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka, sauti ikatoka nyuma yangu: "Wewe kijana, kuja. Nitakulipia."

Alikuwa mama wa makamo, kavaa raba na kofia, kashika kamba ya mbwa mkubwa mweusi aliyekuwa tayari ananinusa magoti. Nikamwamkia shikamoo, akacheka, akaniuliza natoka Mombasa au Dar. Nikamnyooshea noti, akakataa. Mimi na mbwa hatuna historia nzuri, lakini mtu akishakulipia utamwambiaje mbwa wake akae mbali? Tukaongozana, mbwa katikati.

Karura ina zaidi ya hekta elfu moja, na iko ndani ya jiji la Nairobi. Ukiingia, kelele za magari zinakatika, unasikia kima wakirukaruka juu na baiskeli za kukodi zikipita kwenye udongo mwekundu. Njia zimepangwa, kila njia panda ina namba yake, hata mgeni hapotei. Tulipofika Lily Lake, ziwa dogo lililofunikwa mayungiyungi upande mmoja, mama akakaa kwenye benchi akamfungua mbwa kola iliyomkaba, akaifunga upya tundu moja nyuma. Halafu ndipo akaanza.

"Hii msitu unaona? Walikuwa wameshaigawa. Ilikuwa ijengwe manyumba."

Habari za Wangari Maathai nilikuwa nazijua juu juu: kwamba alipata Nobel ya Amani mwaka 2004, kwamba alipanda miti. Sikujua kwamba Januari 1999 alikuja hapa na wenzake kupanda mti, wakavamiwa na kundi la walinzi, akapasuliwa kichwa. Alipofika polisi kuandikisha mashtaka, akaweka sahihi kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaingia barabarani, vyuo vikafungwa. Mama huyu alikuwa mmoja wao.

"Mimi nilirusha mawe," aliniambia, huku akitazama kama kuna mtu anasikia. "Baba yangu alinichapa nikirudi nyumbani. Chuo imefungwa, karo amelipa, mimi narusha mawe kwa sababu ya miti!"

Agosti mwaka uleule Rais Moi akasimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Nikamuuliza kama siku ile alikuwa anaupenda msitu kiasi hicho. Akasema hakuwa amewahi hata kuingia. Enzi hizo ulikuwa maficho ya majambazi, mtu mwenye akili zake hakanyagi.

Hilo ndilo lililonikaa kichwani. Pale Tabata tulikuwa na kiwanja, tumecheza mpira wote mtaa mzima. Siku kilipozungushiwa mabati tulisimama tukaangalia, mmoja akasema labda wanajenga zahanati. Imeota baa. Hakuna aliyeuliza, na mimi nilikuwepo. Ukitaka kutembea chini ya miti Dar leo, mpaka ufunge safari kwenda misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, na huko nako wachoma mkaa wamekutangulia miaka mingi. Jumapili zetu tunabanana Coco Beach, tunakula mihogo, tunarudi na foleni.

Nilijaribu tena kumrudishia hela yake. Akaniambia nikamnunulie mbwa maji. Kwenye mgahawa nikakuta chai ya bei ambayo kwa Mama Ntilie wangu ningekula wali maharage siku mbili, ila maji ya mbwa yalikuwa ya bure, kwenye bakuli nje ya mlango. Kwa hiyo deni bado ninalo.

Mapango na maporomoko sikuyaona. Geti linafungwa saa kumi na mbili jioni, na lile tumbo la maji lilikuwa limeshanipeleka chooni mara zisizohesabika.