Shangazi, Usimwambie Baba

Mtoto wa kaka yangu alikuja kukaa nami hapa Kisumu likizo ya Desemba, na kwa wiki nzima nilidhani kwamba alikuwa akificha jambo baya. Kila nilipopita nyuma ya kiti chake alikuwa akiifunika simu kwenye paja. Yuko kidato cha tatu, na nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno ya kumwambia. Jioni moja, tukiwa ndani ya matatu tukirudi Kondele kutoka mjini, usingizi ulimchukua simu ikiwa mkononi, nami nikaona alichokuwa akisoma. Ilikuwa katuni ya mtandaoni yenye rangi laini, na katika mchoro uliobaki pale kwenye kioo, msichana aliyevaa gauni la kifalme alikuwa akisoma barua huku machozi yakimlengalenga. Alipozinduka na kutambua kwamba nimeona, hakujitetea kwa lolote. Alisema tu, "Shangazi, tafadhali usimwambie Baba."

Huyu ni kijana anayeweza kuketi sebuleni na baba yake wakatazama filamu ya watu kuchinjana mwanzo hadi mwisho bila wasiwasi wowote.

Baadaye, tukichambua sukuma wiki, alinieleza mambo yalivyo bwenini kwao. Wavulana husimuliana katuni za mapigano za Kijapani hadi taa zinapozimwa, na anayejulikana kusoma za mapenzi hubandikwa jina la kike, naye hulibeba hadi amalize shule. Nilimuuliza katuni aipendayo zaidi katika hizo zinazoruhusiwa. Bila kusita alitaja Fullmetal Alchemist, ambayo ameisoma yote mara mbili. Nilipomwambia kwamba mtunzi wake, Hiromu Arakawa, ni mwanamke ambaye jina lake halisi ni Hiromi, na kwamba alichagua jina linalosikika la kiume alipokuwa akiitoa katika jarida la wavulana kati ya mwaka 2001 na 2010, aliacha kuchambua mboga akanitazama kwa muda mrefu.

Nilimweleza pia, na ninalirudia hapa kwa sababu wengi wetu hatulijui, kwamba maneno shonen na shojo, ambayo vijana wetu huyatumia kana kwamba ni aina mbili za hadithi, maana yake ni mvulana na msichana tu. Ni mgawanyo wa wachapishaji wa majarida huko Japani, na kimsingi unaeleza jarida linauziwa nani. Mwaka 1953 mwanamume aitwaye Osamu Tezuka alianza kuchora katika jarida la wasichana hadithi ya binti mfalme aliyelelewa kama mwana wa kiume na kupigana kwa upanga. Wakati huo wanaume wengi walichorea majarida ya wasichana, na ilikuwa hasa katika miaka ya 1970 ambapo wanawake kama Moto Hagio na Keiko Takemiya waliibadili kabisa fani hiyo. Mwanamke mwingine, Rumiko Takahashi, naye alijijengea jina katika majarida ya wavulana. Kalamu zimekuwa zikivuka mpaka huo kila siku. Anayetakiwa kukaa upande wake ni msomaji.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba aibu yenyewe haigawanywi sawa. Binti wa jirani yangu hupenda katuni za mapigano na wala hafichi. Yeye hutahiniwa: wavulana humtaka ataje majina ya wahusika, silaha zao na nani alimshinda nani, ili athibitishe kwamba yeye ni shabiki wa kweli. Akijibu yote, husifiwa kwamba "si kama wasichana wengine," na sifa hiyo ni tusi kwa dada zake wote. Mvulana anayesoma mapenzi hatahiniwi. Huyo amekwisha kushushwa hadhi. Msichana akisoma vya wavulana huhesabiwa kuwa amepanda, mvulana akisoma vya wasichana huhesabiwa kuwa ameshuka, na kipimo hicho hakiwezi kufanya kazi mpaka kwanza tukubaliane kwamba sisi wanawake ndio tuliopo chini. Kwa hiyo jina analobandikwa mtoto yule bwenini linanihusu mimi pia, ingawa mimi hupendelea hadithi za upelelezi.

Wala ubora wa kazi hauwezi kuwa kisingizio. Tangu kampuni ya Naver ya Korea Kusini ilipoanzisha huduma yake ya katuni za mtandaoni mwaka 2004, na ile ya Kiingereza mwaka 2014, hadithi za mapenzi zimekuwa miongoni mwa nguzo zake, na mwaka 2022 mojawapo, Lore Olympus ya Rachel Smythe wa New Zealand, ilipewa Tuzo ya Eisner, tuzo kubwa ya katuni huko Marekani, kama katuni bora ya mtandaoni.

Nyanya yetu, aliyetoka Kano hapa karibu na Kisumu, alitusimulia mimi na kaka yangu habari za Luanda Magere, shujaa wa Waluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na mikuki ikawa haimdhuru, hadi mke wake, aliyetoka kwa maadui zao Wanandi, alipogundua kwamba nguvu zake zimo kivulini. Je, hiyo ni hadithi ya vita au ya ndoa? Tulikuwa tumekaa mkeka mmoja, mvulana na msichana, na Nyanya hakuwahi kumtoa mmoja wetu nje alipofika sehemu ya mume mgonjwa akimweleza mkewe mahali pa kumchanja dawa. Kaka yangu ndiye aliyekuwa akiomba sehemu hiyo irudiwe. Hilo sijamwambia kijana: yeye nilimwahidi kwamba siri yake sitaifikisha kwa baba yake, na nadhani haki hiyo ya kunyamaziwa kaka yangu anayo pia, lakini nilimshauri siku moja amuulize baba yake kuhusu Luanda Magere.

Shule zilipokaribia kufunguliwa alinijia na ombi. Bwenini simu haziruhusiwi, na katuni yake hutoka sehemu moja kila wiki, hivyo alinitaka niifuatilie kwa niaba yake na kumwandikia yanayotokea katika daftari, nimpelekee siku ya kuwatembelea wanafunzi. Nimekwisha kuandika sehemu nne. Barua ile, kumbe, ilikuwa imeghushiwa na dada wa kambo, na nimejitahidi kueleza hata rangi ya gauni kwa kuwa najua ataniuliza. Aliomba pia kwamba juu ya jalada niandike "Kemia". Daftari nimelivika gazeti vizuri, lakini mahali pa kuandika jina la somo sijaandika kitu bado.