Mwezi mpevu ulivyonichelewesha kupata picha ya kometi

Oktoba 2024 nilikua na hamu moja tu, nipate picha ya ile kometi (nyota yenye mkia) ya Tsuchinshan-ATLAS, na mwezi mpevu wa tarehe 17 nao niupige maana ndo ulikua karibu na dunia kuliko mingine yote mwaka ule. Nikajua ni kazi ya usiku mmoja. Kumbe hivi vitu viwili havipatani kabisa.

Tarehe 14 nimetoka nje, jua limeshazama kama dakika 40 hivi, sayari ya Zuhura ile pale magharibi inawaka, kometi iko kulia kwake, kwa macho ni kama mtu kachora na chaki halafu akafuta kwa kidole. Kamera nimeiweka oto, yaani ijipangie yenyewe fokasi (ukali wa picha) na mwanga. Hapo ndo nilipoharibu, lenzi inaenda mbele inarudi nyuma inatafuta fokasi gizani haipati, picha zote ukungu mtupu. Na mwezi nao ushakua mkubwa mgongoni kwangu, anga lote jeupe, mkia utauona wapi.

Basi nikasema ngoja nimalizane na mwezi kwanza. Tarehe 17 oto tena (sikomi mimi), nikapata taa nyeupe, duara halina chochote ndani. Nikakaa nikawaza, huu mwezi si jiwe tu linapigwa na jua, jua hilihili la mchana, sasa mbona naupiga kama kitu cha usiku? Nikaenda manyuo, yaani napanga mwenyewe, ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), shata 1/125 (sehemu ya sekunde inayokaa wazi), na mabaka yote yakatokea palepale. Ila msitegemee makubwa, kwa lenzi ya milimita 200 mwezi unakaa kwenye sensa (kile kibati cha ndani kinachonasa picha) kama milimita 2 tu, na ukiwa mpevu jua linaupiga usoni moja kwa moja kwahiyo hauna vivuli, mashimo yake hayaonekani vizuri. Nusu mwezi ni mtamu zaidi kwa picha, ukweli ndo huo.

Kometi sasa. Mwezi ukishapita upevu unachelewa kuchomoza kama dakika 50 kila siku, kwahiyo nikasubiri mpaka tarehe 20, kometi imeshafifia sana kuliko wiki iliyopita lakini angalau jioni kuna giza la kweli kabla mwezi haujatoka. Fokasi nikaitafuta kwa Zuhura, nimekuza kwenye kioo cha kamera mara 10, nazungusha ringi taratibu mpaka ikawa kidoti kidogo kabisa, nikaibana ringi na kipande cha plasta isicheze. Lenzi ya milimita 50, f/2, ISO 1600. Muda wa shata unagawa 500 kwa lenzi yako, yaani sekunde 10, ila sensa yangu ni ndogo nikashuka mpaka 6 la sivyo nyota zinakua vistari. Kamera juu ya stendi, taima ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise.

Picha ya kwanza kometi haimo, nilielekeza chini sana. Ya nne imo pembeni. Ya tisa ndo hiyo, kichwa kina ukijani kidogo na mkia umepanda juu mrefu kuliko nilivyouona kwa macho. Nikaendelea kupiga kama mwehu mpaka nashtuka nyota zimeanza kuvimba, kumbe lenzi imeshika umande, nageuka nifute na mwezi ndo huo unachungulia mashariki. Nikakunja stendi.